Mkataa Kwao au Mnyimwa Kwao? Suala la Asili katika Wasifu wa Siti Binti Saad

Miongoni mwa maandishi ya nathari ya Shaaban Robert, Wasifu wa Siti Binti Saad haujapata kushughulikiwa na wahakiki kwa kiasi ambacho Kusadikika, Kufikirika na Utubora Mkulima vimeshughulikiwa. Sababu si ngumu kuiona. Wasifu huu, uliotokea kwanza mwaka 1958, ni kitabu chembamba, na msomaji wa haraka huuona kuwa ni sifa tupu za mwimbaji mmoja wa Unguja zilizopambwa kwa mawaidha. Wengi wetu tulipousoma tuliambiwa ya kwamba dhamira yake ni kuonyesha jinsi mtu anavyonyanyuliwa na akili na bidii, si na nasaba wala sura. Tukaliandika jibu hilo katika mtihani, tukapewa alama zetu, tukakirudisha kitabu rafuni. Makala haya yanakusudia kukitoa tena. Hatubishi kwamba dhamira hiyo imo. Imo, tena mwandishi hakujishughulisha kuificha. Tunachouliza ni hiki: mwanamke huyu aliyenyanyuka, alinyanyuka akaingia wapi? Na alipokwisha kuingia, alikuwa nani?

Swali hili si la Unguja peke yake. Linawahusu watu mashuhuri wa kila nchi ambao wamejulikana kwa utamaduni wasiozaliwa ndani yake. Hata hivyo kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa neno lenyewe "Mswahili" limebishaniwa kwa muda mrefu, na wabishani mara nyingi wamepimana kwa vizazi. Mwanamke wa Fumba anatufaa kuwa kipimo cha ubishi huo.

Habari zenyewe zajulikana. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua, yaani wote wawili walikuwa wa uzao wa watu waliovushwa bahari kwa nguvu au kwa dhiki. Inasimuliwa ya kwamba jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Amri ya kuuondoa haikutoka mpaka mwaka 1897, na hata hapo utekelezaji wake ulikuwa wa kusuasua. Wazee wake walikuwa wafinyanzi na wakulima, naye alichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa sauti ambayo baadaye ilikuja kumpatia riziki nyingine. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alifundishwa kuimba na kufuata ala, na akasoma kiasi cha kuweza kuimba kwa Kiarabu. Akajisitiri kwa buibui kama walivyojisitiri wanawake wa heshima. Akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe kwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri, na kwa hizo sauti yake ikafika bara ambako babu zake walitolewa. Alifariki mwaka 1950.

Kutoka Mtumwa hadi Siti: hakuna mtunzi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni mabadiliko ya jina yaliyo wazi namna hii. Shaaban Robert alipewa na historia yenyewe istiara iliyokamilika, na twaweza kumlaumu kidogo kwa kuitumia kama ngazi tu. Kwake jina la kwanza ni chini na la pili ni juu, na baina yao kuna akili na uvumilivu. Mkazo huo unatusahaulisha jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Majina yote mawili yalitoka upande mmoja. Mtumwa ni jina ambalo mpangilio wa mabwana na watumwa ulimtwika mtoto mchanga. Siti ni jina la cheo lililochukuliwa katika lugha ya mabwana wale wale. Babu wa Kinyamwezi na bibi wa Kizigua hawamo katika jina lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama nilivyopata kusikia ikisemwa, kwamba mwanamke huyu alivua asili yake akavaa ya wengine. Alipozaliwa alikuta imekwisha kuvuliwa.

Hapa inafaa tutue kidogo juu ya maneno. Zamani watu wa pwani walipotaka kutaja utu uliokamilika wa mjini walisema uungwana. Muungwana alikuwa mtu huru, mwenyeji, mwenye adabu, dini na lugha iliyonyooka. Katika karne ya 19, utawala wa Busaidi ulipotia mizizi Unguja, neno jingine lilipanda juu ya hilo, nalo ni ustaarabu. Mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kujifanya Mwarabu, au kuingia katika Uarabu. Lugha yetu, basi, ilikwisha kuweka ndani ya neno la kila siku wazo ya kwamba ubora ni kitu cha kuingiwa, na mlango wake uko upande fulani wa bahari. Leo tunasema "ustaarabu wa Wachina" na "ustaarabu wa Wagiriki" bila kusikia kichekesho kilichomo. Lakini katika Unguja ya Siti neno lile lilikuwa bado lina meno. Kumwita mtu mstaarabu kulikuwa kumwondolea kitu na kumpa kingine kwa pumzi moja.

Mavazi nayo yalikuwa na sarufi yake. Kaniki ilikuwa nguo ya mjakazi na ya maskini wa shamba. Kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana. Buibui lilienea mijini mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ule ule ambapo wanawake waliokuwa watumwa walianza kuwa na hiari ya kuchagua la kuvaa. Wanahistoria, na hasa Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya michezo na siasa za Unguja, wameonyesha jinsi maelfu ya watu wa Ng'ambo walivyobadilisha mavazi, majina na hata kabila waliloandikisha katika sensa. Wengi walioandikwa "Waswahili" katika sensa ya mwaka 1924 hawakutaka tena kuitwa hivyo ilipofanywa ile ya 1931, kwa sababu neno hilo lilikuwa limekwisha kunuka utumwa. Wakajiandikisha kwa majina mengine. Msomaji atambue kejeli iliyopo. Jina ambalo leo wasomi wawili wanaweza kugombana juu ya nani analistahili, wakati ule lilikimbiwa na wale wale waliolistahili kwa kila kipimo cha lugha na makazi.

Watu hawakumwacha Siti apande kwa amani. Utungo wa kumsimanga, unaokumbukwa mpaka leo, ulimuuliza amekuwa mtu tangu lini, ukamkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini kutoka shamba. Jibu lake, ambalo nalo limehifadhiwa, halikukanusha hata neno moja katika hayo. Hakudai kwamba babu yake alitoka Hadhramauti, wala hakujizulia ukoo. Alikubali kwamba hana uzuri wala nasaba ya kujivunia, akageuza kipimo: hasara ya binadamu ni kukosa akili. Wahakiki wamelichukua jibu hili kuwa wosia wa unyenyekevu. Mimi nalisikia kwa namna nyingine. Ni jibu la mtu aliyeambiwa ajitetee mbele ya mahakama ya ukoo, akakataa mamlaka ya mahakama yenyewe.

Zaidi ya hayo, tulitazame jina lake kamili. Baada ya "Siti" yapo maneno mawili, "binti Saad", nayo hayakubadilika. Pwani yote yajua desturi ya kumalizia jina kwa ukoo au kwa nisba, na wako waliojipatia nisba kama mtu anavyojipatia kanzu dukani. Yeye alibaki binti wa Saad wa Fumba katika kila sahani ya santuri na kila tangazo. Heshima aliichukua mbele ya jina. Nyuma yake akamwacha baba yake asimame alipo.

Tofauti hii yaonekana vizuri zaidi tukimweka kando ya mtu wa nchi ya mbali aliyeishi wakati huo huo. Archibald Belaney alizaliwa Hastings, Uingereza, mwaka 1888, akahamia Kanada mwaka 1906. Aliishi na wenyeji wa misitu ya huko, akajifunza maisha yao, kisha akajiita Grey Owl na kudai kwamba mama yake alikuwa wa kabila la Apache. Kwa jina hilo aliandika vitabu vilivyopendwa sana juu ya misitu na wanyama, akahutubia kumbi zilizojaa nchini Uingereza akiwa katika mavazi ya ngozi, na watu wachache sana walimshuku. Alipofariki mwaka 1938 ukweli ulitoka magazetini. Wako wanaomsamehe kwa kuwa aliipigania misitu mapema kuliko wengi, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo kila alichosema kama "mwenyeji" kilisikilizwa kwa sababu ya uongo, huku wenyeji wenyewe wakiwa hawasikilizwi. Belaney angeweza kurudi Hastings siku yoyote akawa Mwingereza tena. Siti hakuwa na Hastings. Na tena hakumdanganya mtu: waliomsikiliza walijua alikotoka, na asiyejua aliimbiwa na mahasimu wake. Aliyejificha na aliyejulikana hawawezi kuhukumiwa kwa sheria moja, japokuwa wote wawili twaweza kusema kwamba walichukua utamaduni ambao hawakuzaliwa nao.

Kuna methali inayoletwa haraka katika mazungumzo kama haya: mkataa kwao mtumwa. Nimeisikia ikitumiwa dhidi ya waandishi, dhidi ya wanasiasa waliobadili majina, na mara moja dhidi yangu mwenyewe, katika semina ya chuo kimoja, nilipokuwa nimemaliza kusoma makala juu ya utenzi wa pwani. Msomi mmoja wa makamo, ambaye hana haja ya kutajwa, aliniuliza kwa upole mkubwa kwa nini mtu wa milimani asiache tenzi kwa wenyewe akaenda kukusanya nyimbo za nyanyake. Watu walicheka. Nilikosa jibu wakati ule, na miaka mingi imepita nikilitafuta. Nadhani jibu limo katika methali yenyewe ikisomwa mbele ya Siti. Methali yadhani kwamba kila mtu ana kwao, na kwamba utumwa ni adhabu ya kukukataa. Katika historia ya pwani mambo yalikwenda kinyume: utumwa ulitangulia, na kwao kukakosekana kwa sababu hiyo. Mzee Saad hakuukataa Unyamwezi. Alinyimwa. Na mtu aliyenyimwa kwao hana budi kujifanyia kwao kwa vitu alivyovikuta mahali alipo, hata kama vitu hivyo ni vya waliomnyima.

Siti alivifanyia nini vitu hivyo? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na ndipo ambapo wasifu, kwa kumtazama zaidi mtu kuliko kazi yake, haukunitosheleza. Taarabu iliingizwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikiwa sanaa ya Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kiliiendeleza katika duara la wenye nafasi. Siti alipoingia, aliingia kwa adabu zote za duara hilo. Alisitiri uso wake. Alijua Kiarabu cha kuimbia, na Kihindi pia. Kisha akaimba kwa Kiswahili. Pamoja na wenziwe, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, aliiweka taarabu katika lugha ambayo mpishi na mchukuzi wangeielewa, na mambo ya Ng'ambo yakapata nafasi humo: ulaghai wa mapenzi, dhuluma za wenye nguvu, na hukumu za mahakama zilizowaacha wahalifu na kuwaadhibu wanyonge. Wimbo juu ya Kijiti, muuaji aliyeikwepa sheria, ulikuwa ni lawama dhidi ya mahakama ya kikoloni iliyotiwa katika ala za anasa za jumbani.

Twaweza kusema, basi, kwamba alistaarabika. Lakini kitu alichoingia hakikubaki kama alivyokikuta. Leo mtu akiulizwa taarabu ni sanaa ya nani atajibu bila kusita kwamba ni ya Waswahili, naye husema kweli; ila ukweli huo una umri wa miaka isiyozidi mia moja na kidogo, na waliouleta duniani ni pamoja na mwanamke ambaye wakati wake hakukubaliwa kuwa "mtu". Wanaoilinda mila hii dhidi ya wageni wanailinda kazi ya mgeni.

Turudi kwa mwandishi. Si sadfa kwamba wasifu huu uliandikwa na Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na asili ya wazee wake ilikuwa Kiyao. Jina lake la pili lilizua maswali kwa watu waliotaka kila Mwislamu awe na jina la Kiarabu. Hakuacha diwani yoyote ya Kiyao. Badala yake ndiye aliyekifananisha Kiswahili na titi la mama, na mfano huo umekaririwa mpaka umechakaa, bila watu kushangaa jinsi unavyofaa kinywani mwa mtu ambaye jadi yake ilikuwa na lugha nyingine. Alipokuwa akimwandika Siti alikuwa akiandika juu ya mtu wa jamaa yake, kama si kwa damu basi kwa safari. Pengine hii ndiyo sababu ya upole wake. Mahali ambapo msomaji wa leo angetaka uchambuzi wa utumwa na tabaka, yeye anatia fadhila na maadili. Hakutaka kulifungua jeraha ambalo na yeye alikuwa nalo, au aliona limepona. Sina hakika ni lipi kati ya hayo. Mhakiki wa mrengo wa kitabaka atasema alikwepa. Nakubali kwamba kuna kukwepa ndani yake, lakini nauona pia uchaguzi: katika miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati magazeti na vyama vya Unguja vilipogawanyika kwa Uarabu, Ushirazi na Uafrika, Shaaban Robert alimwandika mwanamke huyu kwa kumtaja asili yake mwanzoni, waziwazi, kisha asiruhusu asili hiyo iamue lolote. Miaka michache baadaye watu waliuawa kwa sababu ya maneno yale matatu.

Ubishi wetu wenyewe ulikuwa mdogo, lakini wa ukoo huo huo. Katika miaka ya 1970 na 1980, baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani walijibu mashairi huru kwa hoja za sanaa, na baadhi yao wakaongeza hoja ya kuzaliwa: hawa ni watu wa bara, hawana utamaduni wa pwani, watajuaje shairi? Hoja za sanaa zilistahili kujibiwa, na zilijibiwa. Ile ya kuzaliwa ilikuwa na kasoro ambayo ni ajabu kwamba haikuonekana mapema. Kitabu kilichotumiwa kama kanuni ya ushairi wa mapokeo, Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwenziwe katika kuyashikilia mapokeo hayo, Mathias Mnyampala, alikuwa Mgogo na Mkristo. Katika mwaka ule ule wa 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na hakuna aliyemwambia achague. Watu wa bara, kwa hiyo, walikuwa pande zote mbili za uwanja. Waliozivunja sheria waliambiwa si wenyeji, na waliozitunga hawakuulizwa.

Siandiki haya ili kusema kwamba asili si kitu. Mtu anayeandika utenzi bila kuwahi kukaa na watunzi atafanya makosa ambayo mtoto wa Lamu angeyacheka, na kicheko hicho ni cha haki. Wala sisemi ya kwamba wenyeji wa pwani hawana malalamiko: Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya Waswahili, wameeleza vizuri jinsi watu hawa walivyoambiwa kwa muda mrefu na wageni kwamba hawapo, kwamba ni mchanganyiko tu, na kwamba lugha yao ni ya kila mtu isipokuwa wao. Anayepokonywa kitu kila siku hushika kwa nguvu kilichobaki. Ugumu uko hapo: mlango ambao Siti aliupitia ni ule ule ambao wapokonyaji wanaweza kuupitia, na hakuna bawabu anayeweza kuwatofautisha kwa kuangalia nasaba. Itabidi aangalie kazi, na kazi huchukua muda kuonekana. Siti alingoja miaka kumi na saba tangu alipohamia mjini hadi alipopelekwa Bombay.

Kwa upande wa ufundishaji, wasifu huu unahitaji toleo jipya lenye maelezo. Mwanafunzi wa leo hajui kaniki ni nini, na akiliona neno hilo hudhani ni nguo kama nguo nyingine. Hajui kwa nini kuuza vyungu lilikuwa tusi. Hajui kwamba baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo kulikuwa na hori la maji. Mhariri atakayeifanya kazi hiyo aziweke pia nyimbo za mahasimu kando ya nyimbo za Siti, kila moja mahali pake, ili majibu yake yasomwe kama majibu. Na atie angalau ukurasa mmoja juu ya Fumba, kuhusu udongo wake na namna wanawake wa huko walivyofinyanga na kuchoma vyungu vyao.